Beji ya Mionzi: Swali Ambalo Hatuulizi Mikutanoni

UZI. Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao chetu hapa Sagalla. Mliokosa mliniomba niyaweke hapa, basi nayaweka kama nilivyoyasema.

1. Mimi nasomea siasa, si udaktari. Na leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuongee kuhusu mionzi.

2. Ukitaja mionzi Pwani hii, watu wanakumbuka kile kinu cha nyuklia kilichopendekezwa Uyombo, Kilifi. Wenzetu waliandamana 2024, na kuuliza ni haki yao. Lakini kwani mionzi ni ya kesho? Iko hapa kitambo, kwenye kila chumba cha eksirei.

3. Binti ya shangazi yangu anafanya kazi kwenye chumba kama hicho. Hospitali siitaji. Aproni ya risasi anayo. Kola ya kukinga shingo iko moja, na wao ni watatu. Beji ya kupima mionzi huivaa kifuani kila siku, ila majibu yake hajawahi kuonyeshwa. Mwaka jana alipata uvimbe kwenye tezi ya shingo, ile madaktari huita thairoidi.

4. Je, ni eksirei iliyomletea? Hakuna anayeweza kuapa. Uvimbe wa tezi huwapata watu wengi, hasa wanawake, hata wasiowahi kukanyaga chumba hicho. Chernobyl, 1986, ilionyesha wazi kwamba mionzi hudhuru tezi za watoto. Kwa mtu mzima anayepata dozi ndogo ndogo kazini, ushahidi hauko wazi hivyo. Na hapo ndipo siasa inapoingia.

5. Sisi Sagalla tunaijua hatari inayoonekana. Ndovu akivunja uzio usiku, asubuhi nyayo zipo, na mahindi yamelala. Unaita afisa, anaandika. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia, hata kama pesa huchelewa. Mionzi haiachi nyayo. Madhara yake yanaweza kuja baada ya miaka mingi. Nyayo zake za pekee ni majibu ya ile beji. Yasipotunzwa, dada yangu hawezi kudai, na hospitali nayo haiwezi kujitetea.

6. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka mmoja wowote. Wengi wa eksirei za kawaida hawafiki huko wakikingwa vizuri. Lakini utajuaje kama hakuna aliyesoma beji?

7. Nani awajibike? Hapa ndipo wanapotupiana lawama. Katiba ya 2010 iliipa kaunti hospitali zake. Sheria ya 2019 ilianzisha mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mionzi. Kwa hivyo kaunti ni mwajiri, taifa ni mkaguzi. Mmoja akisema "si mimi", muulize mwingine, lakini usikubali wote wawili waseme hivyo. Na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Majibu ya beji yako si siri ya ofisi.

8. Tangu 2015 tumebishana kuhusu mashine za hospitali zilizokodishwa kwa kaunti. Bei, mkataba, nani alikula. Mjadala mzuri, hata Seneti iliuchunguza. Lakini mashine ikifika hukatwa utepe na kupigwa picha. Kola ya shingo haikatiwi utepe.

9. Basi mwombaji kura akija hapa, nawaomba mumuulize matatu. Kola ni ngapi, na wafanyakazi ni wangapi? Beji zilisomwa mara ya mwisho lini? Mfanyakazi akionekana na uvimbe, nani analipia vipimo?

10. Mama mmoja aliniuliza kama aache kumpeleka mtoto eksirei. La, mama. Mpeleke daktari akisema. Picha moja ya mkono ni dozi ndogo sana, na mashine ikizimwa mionzi haibaki chumbani. Wewe unaingia mara moja unatoka. Anayebaki mle miaka 20 ndiye ninayemsemea.

Ukiwa unafanya kazi hiyo, kesho omba majibu ya beji yako, kwa maandishi. Ukijibiwa au usipojibiwa, tunza nakala.