UCHUMI UKIKUA, MOSHI NAO UKUE?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twasema habari ya hewa ya kaboni, maana jambo hili lagusa kazi zetu.

Sisi watu wa relwe twajua kwamba injini haivuti bure. Mabehewa yakiongezwa, mafuta nayo huongezeka. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa hewa ya kaboni karibu kilo 2.7. Lita yenyewe haifiki kilo moja. Uzito uliozidi ni oksijeni iliyoungana na kaboni wakati wa kuungua.

Uchumi wa nchi ni vivyo hivyo. Hesabu yake ni ya mambo manne yanayozidishwa pamoja: idadi ya watu, mapato ya kila mtu, nishati itumikayo kupata kila shilingi, na kaboni itokayo katika nishati hiyo. Hesabu hii huitwa kwa jina la Yoichi Kaya, mtaalamu wa Japani. Basi watu wakiongezeka na mapato yakipanda, kaboni nayo hupanda, isipokuwa yale mawili ya mwisho yashuke upesi zaidi.

Mapato kupanda hatukatai. Ndiyo sababu ya kuwa na chama. Kwa hiyo kazi iko katika yale mawili ya mwisho.

Je, yawezekana? Tutazame Uingereza. Mwaka 1990 makaa ya mawe yalitoa karibu theluthi mbili ya umeme wake. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa. Katika miaka hiyo uchumi ulikua zaidi ya nusu, na kaboni itokayo nchini humo ilipungua karibu nusu. Lakini tusidanganyike: baadhi ya viwanda vilihamia nchi nyingine, na moshi wake ukahama navyo.

Tena tuwakumbuke wachimba makaa wa huko, waliogoma karibu mwaka mzima, 1984 hadi 1985. Migodi ilifungwa kwa hesabu ya fedha, si kwa ajili ya hewa; lakini kazi ziliondoka, na vijiji vingi vikabaki maskini. Hilo ndilo funzo letu.

Kwetu Kenya, karibu sehemu 9 katika 10 za umeme hutoka katika mvuke wa ardhini, kama kule Olkaria, na maji, upepo na jua. Lakini reli ya SGR ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa injini za dizeli. Jirani zetu Tanzania walianza treni za umeme mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma.

Ndugu, nguzo za umeme zikisimamishwa juu ya reli, hatutazipinga. Twataka mambo matatu. Kwanza, madereva na mafundi wa dizeli wafundishwe kazi ya umeme kabla injini hazijafika, si baada ya kufika. Pili, mshahara wa mtu usishushwe wakati wa mafunzo. Tatu, chama kiwe mezani tangu siku ya kwanza ya mpango.

Injini za mvuke ziliondoka, na reli ikabaki. Dizeli nayo yaweza kuondoka. Mfanya kazi asiondolewe pamoja nayo.