Neno la Katibu: Tuliyojifunza Nyuma ya Pazia

 

Historia ya miaka 25 ya kwaya yetu imo katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutairudia. Tumeombwa tuseme neno moja lenye faida. Tumechagua kusema juu ya tarumbeta, na juu ya kosa letu.

Ndugu yetu anayetupigia tarumbeta kila Pasaka mnamfahamu. Ameomba tusimtaje jina. Miaka miwili iliyopita alianza kukosa mazoezi ya Jumatano. Jumapili alikuja, akapiga wimbo mmoja badala ya minne, kisha akaketi. Tulinung'unika. Tulisema amepata kiburi. Kamati ilikaribia kumwandikia barua ya onyo, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa katibu. Mwalimu wetu ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Tumwite kwanza, tumsikie."

Alikuja, akatueleza kwa upole. Alikuwa akijitayarisha kwa majaribio ya kuingia katika okestra ya kulipwa nchini Afrika Kusini. Wengi wetu hatukujua uzito wa jambo hilo, kwa hiyo turuhusuni tulieleze kama alivyotueleza.

Okestra ya kuajiriwa ni kazi kamili kama ualimu au udaktari. Nafasi ni chache mno. Okestra kubwa inaweza kuwa na wapiga fidla thelathini, lakini wapiga tarumbeta ni watatu au wanne tu, na aliyepata kiti anaweza kukikalia mpaka astaafu. Kiti kimoja kikiwa wazi, wanaokitaka ni wengi.

Anayeomba hupewa orodha ya vipande. Mara nyingi kuna konseto ya Joseph Haydn ya mwaka 1796. Kisha huja vipande vifupi kutoka kazi za okestra, vingine havifiki hata dakika moja. Simfonia ya tano ya Gustav Mahler huanza na tarumbeta peke yake, bila chombo kingine chochote: noti tatu fupi na moja ndefu, tena na tena. "Picha za Maonyesho" ya Mussorgsky, kama Ravel alivyoipangia okestra mwaka 1922, nayo huanza na tarumbeta peke yake. Katika "Leonore" ya tatu ya Beethoven, mpigaji husimama nje ya jukwaa na kupiga mwito unaotangaza kwamba wokovu wa mfungwa uko njiani. Waimbaji wenzetu, mnajua maana ya kuanzisha wimbo kanisani bila kinanda, watu wote wakiwa kimya. Yeye hufanya hivyo kipande baada ya kipande, na hapewi nafasi ya kukohoa kwanza.

Tena noti zenyewe ni mtego. Zamani tarumbeta hazikuwa na vali. Mpigaji alibadilisha kipande cha bomba ili kubadilisha ufunguo, na watunzi wakaandika kufuatana na bomba hilo. Mpigaji wa leo husoma noti iliyoandikwa kwa ufunguo mmoja na kuipiga kwa mwingine, akihesabu kichwani. Sisi wa solfa tusishangae. Leo do iko G, kesho iko F, na bado tunaimba do. Tofauti ni kwamba sisi tukikosea, jirani hutufunika.

Tulimuuliza, "Basi kwa nini usipige nyimbo nne Jumapili? Si ni mazoezi pia?" Akatueleza juu ya midomo. Midomo ni msuli. Ikichoka huvimba, na ikilazimishwa huumia. Kwa hiyo hupiga kidogo, hupumzika muda uleule aliopiga, kisha huanza tena. Asubuhi huanza na noti ndefu za taratibu, moja moja, akisikiliza kama sauti inatetemeka. Kila kipande hukipiga polepole kwa metronomu, na haongezi mwendo mpaka kitoke safi mara kadhaa mfululizo. Hujirekodi kwa simu, kisha hujisikiliza kama anamsikiliza mtu asiyempenda. Husikiliza pia kazi nzima ya okestra, ili ajue wengine wanapiga nini anapoingia yeye. Siku nyingine hukimbia kupanda ngazi, na moyo ukiwa unadunda hupiga mwanzo wa Mahler mara moja tu, kwa sababu siku ya majaribio moyo utadunda hivyohivyo na hakuna mara ya pili. Tulinyamaza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenzetu alikuwa ameinama miezi minane huku sisi tukimwita mwenye kiburi.

Kisha akatueleza juu ya pazia. Katika okestra nyingi jopo huketi upande mmoja wa pazia na mpigaji upande wa pili. Hana jina, ana namba. Hasemi neno. Akiwa na swali, humnong'oneza msimamizi, naye humuulizia. Mahali pengine hutandikwa zulia ili hata kiatu kisimtambulishe kama ni mwanamume au mwanamke. Okestra nyingi za Marekani zilianza desturi hii miaka ya 1970 na 1980, baada ya malalamiko kwamba viti vilikuwa vikigawiwa kwa kujuana.

Alitupa mfano wa Munich, Ujerumani. Mwaka 1980 okestra ya Munich Philharmonic ilitafuta mpiga trombone. Kwa kuwa mmoja wa waombaji alikuwa mtoto wa mwanamuziki wa mji huohuo, pazia liliwekwa ili haki itendeke. Barua ya mwaliko ya Abbie Conant, Mmarekani, ilimwita "Bwana". Alipiga, jopo likamchagua, kisha akatokea mwanamke, na watu wakashangaa. Baadaye okestra ilimshusha kutoka kiti cha kwanza hadi cha pili. Alikipigania mahakamani kwa miaka mingi, akashinda. Pazia lilikuwa limesema kweli. Waliokosea ni walioamini macho kuliko masikio.

Ndugu yetu hakutuomba pesa. Alituomba tumsikilize. Kwa hiyo Jumamosi sita, hapa kanisani, tulifunga kamba kutoka dirisha hadi nguzo na kutundika mashuka mawili. Tuliketi upande huu na karatasi: sauti, mdundo, usafi wa noti. Jumamosi ya kwanza noti ya kwanza kabisa ilipasuka, na mtoto mmoja akacheka. Hakusimama, aliendelea. Tulipomhurumia baadaye alisema, "Ndiyo maana nimewaita. Afadhali ipasuke mbele yenu." Kufikia Jumamosi ya sita, hata mtoto yule alikuwa kimya.

Alisafiri. Alipiga vipande viwili, akasikia "Asante" kutoka upande wa pili wa pazia, na ikaishia hapo. Safari yote ile, na miezi yote ile, kwa dakika chache. Jumatano iliyofuata alikuja mazoezini, akaketi mahali pake, akafungua kitabu. Hatukujua la kumwambia. Mzee mmoja wa besi alimsogezea kiti.

Sasa tuje kwenye kosa letu jingine. Mashuka yalikuwa bado yananing'inia. Mwalimu akauliza, "Kwa nini tusiyatumie kuchagua atakayeimba sehemu ya peke yake siku ya jubilei?" Kimya kikaingia. Kwa miaka mingi sehemu hizo tumezigawa kwa kuangalia nani ni wa kamati, nani ni mtoto wa nani, na nani atakasirika. Hatukuliandika popote, lakini kila mtu alilijua.

Watu saba walichukua namba. Viatu vilivuliwa. Wengine wote waliketi mbele na karatasi, na walipohesabu, namba nne ilikuwa imewapita wote kwa mbali. Pazia likashushwa. Alikuwa mama yetu wa alto anayeketi safu ya nyuma karibu na mlango, anayefagia kanisa hili kila Ijumaa. Ameimba nasi miaka 11. Hatukuwahi kumwomba aimbe peke yake hata mara moja, naye hakuwahi kulalamika. Mtamsikia leo, na mtajua tumewanyima nini.

Miongoni mwa sita waliokosa, yumo mmoja wetu wa kamati ambaye ameimba sehemu hiyo miaka sita mfululizo. Ndiye anayewasomea maneno haya. Haikuwa rahisi. Usiku ule tulitafuta sababu nyingi: mafua, kamba, mwangwi wa mabati. Asubuhi sababu zilikuwa zimekwisha, na sauti ya namba nne ilikuwa bado masikioni. Kizuri chajiuza.

Mwezi ujao ndugu yetu anakwenda tena majaribio. Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza, Jumapili nne zijazo hatapiga hapa. Msimuulize mlangoni kwa nini, sasa mnajua. La pili, Jumamosi mbili zilizobaki mashuka yatatundikwa saa nane mchana. Njooni msikilize, na msimsifu bure. Andikeni kweli. La tatu, bahasha zitakazopita baada ya chakula ni za nauli yake.

Tunajua akipata nafasi hiyo tutampoteza, na Pasaka ijayo mahali pake patakuwa wazi. Kamati imelijadili jambo hili na hatukudanganyana: litatuuma. Lakini kwaya inayombana mtu ili isipungukiwe ndiyo ileile iliyomwacha mama wa alto nyuma karibu na mlango miaka 11. Kwaya hiyo hatutaki iingie mwaka wa 26.

Akikosa tena, kiti chake kipo, na yule mzee wa besi atakisogeza.

Tunawashukuru kwa kutubeba miaka hii yote, kwa maombi, kwa chai ya mazoezi na kwa kuvumilia sauti zetu siku zile mvua ilipotushinda nguvu. Sasa tusimame. Mama yetu, karibu mbele. Leo hakuna pazia.



Katibu, kwa niaba ya kwaya