Maziwa Salama Huanzia Ghalani



Hapa Lushoto, na katika milima ya Usambara kwa jumla, familia nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani. Hata hivyo, baadhi yetu husikia kwamba maziwa ya soya, ya karanga au tui la nazi ni bora na salama zaidi. Yatupasa tulipime jambo hili kwa elimu.

Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 3 hivi na kalsiamu ya kujenga mifupa miligramu 120 hivi. Zina pia vitamini B12, ambayo haipatikani katika soya, karanga wala nazi. Maziwa ya soya hukaribiana nayo kwa protini, lakini yasipoongezewa kalsiamu huwa na kidogo tu. Tui lina mafuta mengi na protini haba, basi halishiki nafasi ya maziwa. Ama mtoto mchanga, haki yake ni maziwa ya mama, ambayo Qur'ani Tukufu katika Sura Al-Baqara imeyatajia miaka miwili kamili.

Kuhusu usalama, adui wa pande zote mbili ni sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu waotao katika mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zenye kuvu zikisagwa, sumu huingia katika maziwa yake. Nasi tuchambuapo mahindi, yaliyooza humpa ng'ombe, tukidhani tumeyatupa. La, hatukuyatupa! Sehemu ya sumu hiyo hugeuzwa mwilini mwa ng'ombe, ikatoka katika maziwa na kurudi kikombeni mwa mtoto. Kuchemsha ni lazima, kwani huua vijidudu vya kifua kikuu na vinginevyo, lakini sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji ndani, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Basi tuanike mazao juu ya turubai, tuyahifadhi juu ya vichanja yakiwa makavu, na yenye kuvu tuyafukie: tusiyale, tusiyauze, wala tusimpe ng'ombe.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulinda amana ya afya za watoto wetu. Amin.