KARAI LA MAFUTA AU KIKAANGIO CHA HEWA?
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Songea



Awali ya yote tumshukuru Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii atawasomea Mweka Hazina, mimi sitazirudia. Mimi nitazungumzia jambo lililoleta mabishano makali katika vikao vyetu, kwa sababu linagusa fedha zetu sote zilizomo sandukuni. Jambo lenyewe ni kikaangio cha hewa. Baadhi ya wenzetu wanaouza chipsi, maandazi na samaki wameomba mkopo wa biashara wanunue mashine hiyo, waachane na karai la mafuta. Wengine wakasema hiyo ni anasa ya watu wa Dar es Salaam. Kamati ikaona tusibishane kwa maneno matupu. Tuliazima mashine moja, tukaipikia siku nne. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tujue ni kitu gani. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoitoa sokoni mwaka 2010, na kampuni nyingi zikafuata. Ukiifungua utakuta koili ya umeme juu, feni, na kikapu chini. Feni inapuliza hewa ya moto kuzunguka chakula. Kwa hiyo, jamani, ile ni oveni ndogo yenye feni kali. Hilo neno la kukaanga ni la muuzaji.

Tofauti yake na karai ni hii. Mafuta yakifika nyuzi 170 au 180 yanakishika chakula pande zote kwa mara moja, na yanapitisha moto haraka kuliko hewa, hata hewa ikiwa nyuzi 200. Ndiyo maana andazi likidondoka kwenye mafuta linavimba papo hapo na kuelea. Tulipolitia kwenye mashine lilitoka mkate mdogo. Mkate mzuri, nao unalika na chai, lakini mteja aliyezoea maandazi ya asubuhi hatalipa mara ya pili. Bagia na samaki wa kuchovya kwenye unga wa maji ndiyo kabisa: uji ulichuruzika, ukagandia kwenye kikapu.

Chipsi zilikubali. Tulikata viazi vya Njombe, tukaviloweka, tukavikausha kwa kitambaa na kuvipaka mafuta kijiko kimoja. Vilitoka vikavu kwa nje, laini kwa ndani. Vipande vya kuku vilitoka vizuri zaidi, kwa sababu kuku ana mafuta yake mwenyewe. Samaki wa Mbamba Bay aliyepakwa ndimu na chumvi naye alifaa.

Sasa tuje kwenye biashara, maana mkopo unaoombwa ni wa biashara. Mashine ile ilibeba nusu kilo ya viazi kwa mkupuo, nayo ilichukua dakika 20. Maana yake saa nzima ni kilo moja na nusu. Hebu fikirieni kibanda cha chipsi pale Lizaboni au Bombambili saa moja jioni, wateja kumi wamesimama. Wa mwisho atakuwa ameshakwenda kwa jirani.

Halafu umeme. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hesabu hii ni ya darasa la saba. Mashine ya wati 1,500 ikivuta moto wote kwa dakika 20 inakula nusu uniti. Mikupuo kumi ni uniti tano kwa siku, na hapo umepika kilo tano tu za viazi. Siku kumi na tano ni uniti 75. Nanyi mnajua, nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi ndiyo yenye bei nafuu ya LUKU. Kwa hiyo mashine peke yake inamaliza uniti hizo nusu mwezi, kabla hujawasha taa wala kupiga pasi. Tunashukuru gridi ya taifa ilitufikia kutoka Makambako mwaka 2018, tukaachana na kutegemea majenereta ya dizeli. Lakini umeme ukikatika, karai lenye mkaa linaendelea na mashine inalala.

Wanaotaka mashine wanasema itaokoa mafuta. Ni kweli, ila tuhesabu sawasawa. Ukimimina lita tatu kwenye karai hukuzila zote. Ulichotumia ni kile kilichonywewa na chakula na kile utakachomwaga yakichakaa. Anayeyatunza mafuta anaokoa bila kununua chombo. Chuja kila unapomaliza. Usiache yatoe moshi. Usitie chumvi juu ya karai. Usiongeze mapya juu ya yaliyochakaa. Yakiwa meusi, mazito, yana povu lisilotulia na harufu kali, mwaga, wala usimwonee mteja. Na yakishika moto, usimwagie maji hata kidogo! Zima jiko kama unaweza, funika kwa mfuniko, usilibebe karai.

Je, basi mashine haina faida? Inayo, nyumbani. Nyumba ya watu wanne, yenye mzee aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, itanufaika. Watoto nao wanaepukana na karai la moto. Ila asiwadanganye mtu kwamba chipsi zimegeuka dawa. Kiazi ni kilekile, na mwenye kisukari bado anapima anachokula. Wala usiziache ziungue zikawa za kahawia nzito. Rangi ya dhahabu inatosha.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo mawili. La kwanza, anayeuza chipsi au maandazi asipewe mkopo wa biashara kununua mashine hii ili iwe badala ya karai. Mkopo wa biashara lazima ulipwe na biashara yenyewe, na hii tumeipima, haitaulipa. Tusiache mbachao kwa msala upitao. La pili, anayeitaka kwa matumizi ya nyumbani apewe mkopo wa vyombo, aoneshe pato lingine la kulipia marejesho. Huyo tusimcheke wala tusimwite mwenye anasa. Fedha ni yake na afya ni yake.

Uamuzi ni wa mkutano mkuu, si wa mwenyekiti. Kila mmoja atapiga kura yake. Ninachoomba ni kimoja: miaka kumi ijayo, kila chombo kipya kikija mjini, tukiulize swali hili hili kabla hatujafungua sanduku. Kitafanya kazi gani, ya nani, na nani atakilipa?

Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba chetu. Tusikimwage kwa haraka.