Franka za Munganga: Nani Anazilinda?

Hotuba kwa wafanyakazi wa mugodi na raia wa muji



Sisi makarani tunaandika hesabu ya wengine kila siku. Leo tufanye hesabu yetu wenyewe: mutu akigonjwa, nani analipa, na nani anaangalia franka zile?

Wazee wetu walitunzwa na Union Minière. Munganga, dawa, kitanda, yote bila kulipa, wao na bibi na watoto. Lakini shaba iliyotoka kwa mikono yao ndiyo ililipa, na kitabu cha hesabu kilikaa kwa mukubwa peke yake. Mwaka 1967 kompani ikawa mali ya serikali, ndiyo Gécamines. Kitabu hakikuja kwetu. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10.000 waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Kazi ilipokwisha, munganga wa bure naye akaisha.

Leo wengi wanalipa palepale kitandani. Mama anazaa, hana franka, anazuiliwa hospitali pamoja na mutoto mpaka ndugu walipe deni. Wandugu, uhuru wa mama yule uko wapi?

Njia iko: sanduku la kusaidiana, lile tunaloita mituele. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaliweka. Wazima wanatoa kidogo kila mwezi, mugonjwa anatunzwa. Lakini sanduku bila mulinzi ni chakula cha panya. Mwezi wa Machi 2020, korti ya Kinshasa ilimuhukumu waziri wa zamani wa afya miaka 5 ya kazi ngumu, kwa kula franka za kupigana na Ebola. Kama waziri alifanya vile, sanduku letu litajilinda lenyewe?

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, anayepokea franka asiwe yule anayezitoa. Pili, hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote, na bei ya dawa ibandikwe mulangoni. Tatu, Kanuni ya Migodi ya 2018 inalazimisha kompani inayochimba kutoa angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale, na wajumbe wa raia wana viti katika kamati ya franka zile. Tusitume watu wa kusinzia. Wakirudi tuwaulize: ngapi zimeingia? Disipanseri gani imejengwa?

Shaba ni yetu, ugonjwa ni wetu. Kitabu cha hesabu kifunguliwe mbele yetu!