Kuutazama Mche kwa Upole



Injili ya leo, katika sura ya 13 ya Mathayo, yatupeleka shambani. Watumishi wameona magugu kati ya ngano, nao wataka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba anawakataza. Kwa nini? Kwa sababu gugu lile, likiwa changa, hufanana mno na ngano. Kabla ya masuke kutoka, mkono wenye haraka waweza kung'oa chakula. Ninyi wakulima wa ulezi wa Ufipa hamhitaji mhubiri wa kuwaeleza hayo. Lipo gugu lililo ndugu wa ulezi, ambalo likiwa changa humdanganya hata mpaliliaji mzoefu.

Je, twajifunzaje kuutazama mche? Napenda kuwapendekezea makatekista wa Kipili na wa vigango vyote njia moja nyepesi: wakusanyeni watoto wachache, wakae kuuzunguka mche, wauchore kwa rangi za maji. Msidhani huo ni mchezo tu. Joy Adamson, ambaye wengi wamjua kwa habari za simba jike Elsa, alifika Kenya mwaka 1937, na miaka mingi kabla ya Elsa alichora mimea ya Afrika Mashariki kwa rangi hizo. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza kwa kazi hiyo. Mmea uliokaushwa kati ya karatasi hupoteza rangi yake. Picha hutunza kile ambacho jicho lilikiona mmea ungali hai.

Mpe mtoto mche wa mwembe. Mara atashika rangi ya kijani, maana amezoea kusikia kwamba majani ni ya kijani. Mwambie atazame kwanza. Ataona kuwa jani changa la mwembe ni la wekundu wa hudhurungi, laini, limeinama kana kwamba linanyauka. Halinyauki, ndivyo linavyoanza. Mpe na mche wa haragwe. Ataona vile vipande viwili vinene vya mbegu, ambavyo huulisha mche siku za mwanzo, kisha husinyaa na kudondoka. Asiyejua atasema mche unaugua, kumbe unakua.

Rangi za maji nazo zina adabu yake. Huanza kwa rangi hafifu, ukangoja ikauke, ndipo ukaikoza. Ukianza na rangi nzito, ni vigumu kuifuta. Weupe wa karatasi umekwisha potea. Tena, watoto wakikaa duara, kila mmoja huuona upande wake: huyu jani zima, yule tundu la mdudu. Wakiziweka picha zao pamoja, ndipo mche mzima huonekana.

Sasa tuje kwenye daftari la mafundisho. Huku mwambao wa Ziwa Tanganyika, usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Kijana aliyekesha ziwani penye taa, asubuhi husinzia darasani, au hafiki kabisa. Kalamu ya katekista i tayari: mvivu, afutwe. Ndugu katekista, hiyo ndiyo rangi nzito. Je, umemtazama kijana huyu, au umetazama yale uliyokwisha sikia juu yake? Umewauliza mama yake, msimamizi wake na wenzake wa jumuiya ndogondogo, wanaomwona kwa upande mwingine? Kijana aliyefutwa mbele ya wenzake ni nadra kurudi.

Sisemi kwamba mafundisho yasiwe na taratibu. Mwenye shamba hakusema kuwa magugu ni ngano. Mavuno yapo, na hukumu ipo. Lakini si yetu, wala wakati wa miche si wakati wake. Sisi tumepewa kumwagilia, kupalilia kwa uangalifu na kungoja.

Basi, juma hili, kila katekista alitafute daftarini jina moja alilokusudia kulifuta. Kabla ya kugusa kalamu, aende nyumbani kwa kijana huyo, akae, atazame. Nanyi wazazi, mkaribisheni na kumweleza ukweli.

Mungu aliyetuvumilia tulipokuwa wachanga katika imani atujalie macho yenye uvumilivu kama wake. Amina.