Maji Hayasomi Hatimiliki

Hotuba ya mgeni rasmi, siku ya kupanda miti, Hai Mauna, Juba

   

Nimeandaliwa hotuba nzuri. Inaeleza mbuga za Badingilo na Boma, na makundi ya swala yaliyohesabiwa kwa ndege mwaka 2023, karibu milioni 6. Ni fahari yetu kubwa. Lakini swala hao hawapiti Hai Mauna. Maji yanapita. Karatasi naiweka mezani, niseme la kwenu.

Sheria yetu ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Maji hayasomi hatimiliki. Miti ikikatwa huko juu iwe mkaa, mvua haipati pa kutulia. Inateremka na udongo, inajaza khor, mkondo wetu wa maji ya mvua, inaingia shuleni, kisha sebuleni kwako uliyelipia kiwanja chako kihalali. Mti ukisimama, majani yanapunguza nguvu ya matone, mizizi inafungua udongo, maji yanazama polepole. Kwa hiyo mwenye kutunza mwarobaini uani kwake anamlinda hata jirani ambaye hawasalimiani.

Kuna mwenye kiwanja mmoja, simtaji, aliukata mwembe mkubwa apate nafasi ya ukuta. Mvua za kwanza tu, ukuta ukalala. Nanyi mnaotupa chupa za plastiki kwenye khor, wengine mmekaa hapa mbele. Nawapenda, lakini acheni! Khor ni ya umma, maana yake ni yako.

Jirani zetu wametuonyesha njia. Msitu wa Karura, Nairobi, ni mali ya umma, na ulikuwa ukigawiwa watu binafsi. Mwanamazingira Wangari Maathai aliutetea mpaka akapigwa, Januari 1999. Leo watoto wa Nairobi wanatembea humo. Kando ya Maasai Mara, wenye ardhi wameungana wakaikodisha iwe hifadhi. Wanalipwa kodi, na ng'ombe wanachungwa kwa zamu. Wote wawili, serikali na mwenye shamba, wana kazi. Mmoja akilala, jasho la mwenzake linapotea.

Mwalimu mkuu, nakupongeza kwa moyo wote. Miche hii umeilea mwenyewe kwenye makopo, nami nimeiona ilivyonawiri. Umeniomba uzio na tangi la maji. Nimesikia. Nitalifikisha ombi hilo kunakohusika, na tutatazama bajeti itaruhusu nini.

Wazazi, kila mwenye kiwanja aondoke na mche mmoja. Wanafunzi, Januari jua litakapowaka, mche usikose maji ya kunawia mikono. Wasultani wa mtaa, mtu akija kuomba kujenga ukingoni mwa khor, mkatalieni, hata akiwa ndugu yangu.

Upandaji miti umefunguliwa rasmi. Chukueni majembe.